Papai bichi, kohozi la kijani na kisu kilichomo mapafuni

Kila anayechoma mishkaki hapa Pwani anaijua siri ya papai bichi. Unalikuna, unalichanganya na tangawizi, thomu na ndimu, unaipaka nyama na kuiacha saa moja au mbili. Ukiisahau mpaka asubuhi unaikuta imekuwa uji, haishiki hata kwenye kijiti.

Nyama hiyo haikuoza. Imekatwakatwa na kitu kilichomo ndani ya utomvu wa papai kiitwacho papaini. Papaini ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia huku yenyewe ikibaki vile vile, tayari kuirudia kazi. Kazi ya papaini ni kukata protini nyingine, na kwa kuwa haiishi inapofanya kazi, papai kidogo linatosha nyama nyingi. Kuna wakati Kongo, Uganda na Tanzania zilikuwa zikiuza nje utomvu huo uliokaushwa, viwanda vya ng'ambo vikiutumia kulainisha nyama na kung'arisha bia.

Katikati ya miaka ya 1960, Paul Gross na wenzake kule Pittsburgh, Marekani, walikuwa wakichunguza panya ambao mapafu yao yamejaa vumbi la mawe. Wakawaingizia papaini mapafuni, wale wenye vumbi na wale wazima. Walipoyafungua mapafu hayo baadaye walikuta kuta nyembamba za vifuko vya hewa zimevunjika, vifuko vidogo vingi vimeungana vikawa mapango machache makubwa. Hali hiyo ilikuwa ikijulikana kwa binadamu kwa miaka mingi. Inaitwa emfisema, na mwenye nayo huvuta pumzi ikaingia, kisha haitoki vizuri.

Binadamu havuti papai puani. (Wafanyakazi wa viwanda vya papaini waliokuwa wakivuta unga wake walipata pumu, lakini hao ni wachache.) Basi ikiwa emfisema inaweza kuletwa na kimeng'enya kinachokata protini, kisu hicho mvutaji wa sigara wa kawaida amekitoa wapi?

Jibu ni kwamba amezaliwa nacho. Kimo ndani ya chembechembe zake nyeupe za damu, na jina lake ni elastase ya nyutrofili. Nimekifuatilia kwa muda sasa, na sababu yangu si ya kitaaluma. Nina ami yangu, mzee wa miaka sabini na ushei, aliyefanya kazi ya kupakua mizigo tangu ujana na kuvuta sigara tangu kabla ya ujana. Aliugua kifua kikuu, akameza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja, akapimwa akaambiwa amepona. Mwaka haukupita akaanza tena kukohoa makohozi ya kijani. Zahanati moja ikamwanzishia dawa za kifua kikuu mara ya pili, bila kipimo kilichoonyesha kidudu hai. Akamaliza. Kikohozi kikabaki pale pale. Majirani nao wakaanza kumkwepa barazani, na hilo lilimuuma kuliko kikohozi chenyewe.

Alipopelekwa kwa daktari wa kifua na kupigwa picha ya CT, tuliambiwa hana kifua kikuu. Alikuwa na mirija ya hewa iliyopanuka na kulegea. Nikauliza: kama kidudu kimekufa, ni nani anayeendelea kumharibu? Daktari akasema, "Ni mwili wake mwenyewe." Sikuridhika na jibu fupi namna hiyo, na makala hii ni matokeo ya kutoridhika kwangu.

Seli zinazofuata harufu

Nyutrofili ndizo nyingi zaidi kati ya seli nyeupe za damu. Uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni mia moja kila siku, kwa sababu haziishi sana: hutoka, huzunguka, hufanya kazi na kufa. Ndizo za mwanzo kufika mahali palipochomwa na mwiba au palipoingiliwa na bakteria. Usaha unaoutoa kwenye jipu ni, kwa sehemu kubwa, mizoga yake.

Zinajuaje pa kwenda? Hufuata harufu, kama sisimizi wanavyofuata sukari iliyomwagika. Seli zilizojeruhiwa hutoa kemikali, na nyutrofili huelekea pale kemikali hizo zinapozidi kuwa kali. Mojawapo inaitwa interlukini-8, nayo hutolewa na ngozi ya ndani ya mirija ya hewa. Nyingine ni lukotrini B4, inayotengenezwa na seli nyeupe zenyewe ili kuwaita wenzao. Bengt Samuelsson wa Stockholm, aliyezigundua lukotrini, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982.

Mapafu yana jambo lake la pekee. Mishipa ya damu inayozunguka vifuko vya hewa ni myembamba mno, mingi yake ni myembamba kuliko nyutrofili yenyewe. Seli hiyo lazima ijibane na kujinyoosha ili ipite, kama mkokoteni uliojaa unavyopitishwa vichochoroni mwa Mji wa Kale. Kwa hiyo hata mtu mzima wa afya ana umati wa nyutrofili uliokwama kwa muda mapafuni mwake. Kidudu kikivutwa na pumzi, walinzi wako mlangoni. Upande wa pili ni kwamba moshi ukivutwa na pumzi, walinzi hao hao wako mlangoni, na wanachokozeka upesi.

Kutoka kwenye damu mpaka ndani ya kifuko cha hewa kuna kuta za kupenya, zilizofumwa kwa protini ngumu. Elastase inaweza kuzikata protini hizo, na baadhi ya majaribio ya panya yanaonyesha kwamba huisaidia nyutrofili kupenya. Majaribio mengine yalikuta nyutrofili zisizo na elastase zikipita bila shida. Wanasayansi wangali wakibishana hapo. Ambalo halina ubishi ni namna kimeng'enya hiki kinavyoziita nyutrofili nyingine baada ya zile za kwanza kufika, na huko ndiko kwenye madhara makubwa.

Kisu chenye kazi halali

Tusikilaani kimeng'enya chenyewe. Nyutrofili huhifadhi elastase ndani ya vifuko vidogo vilivyofungwa. Ikishameza bakteria hummiminia elastase na sumu nyingine, akauawa humo humo ndani. Mwaka 1998 watafiti waliripoti kwamba panya waliotengenezwa bila elastase walikufa kwa wingi zaidi walipoambukizwa bakteria kama Klebsiella. Mwaka 2004 ikagunduliwa jambo jingine katika taasisi ya Max Planck mjini Berlin: nyutrofili inaweza kutapika nyuzi za DNA yake nje, zikatanda kama kimia cha mvuvi, bakteria wakanaswa. Nyuzi hizo zimepakwa elastase.

Shida huanza elastase inapomwagika nje ya seli na kukosa wa kuizuia. Kama jina lake linavyosema, hukata elastini, protini inayovutika na kurudi kama mpira wa kiuno cha suruali. Pafu lako limejaa nyuzi za elastini. Unapovuta pumzi zinanyooka, unapoiachia zinajikunja zenyewe na kuisukuma hewa nje bila wewe kutumia nguvu.

Elastini ya mapafu hutengenezwa zaidi mtoto akiwa tumboni na katika miaka ya utotoni. Baada ya hapo mwili hautengenezi nyingine ya maana. Mtafiti Steven Shapiro na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba elastini ya pafu la binadamu hudumu karibu umri wake wote. Mzee wa miaka themanini anapumua kwa mpira ule ule aliofumiwa utotoni. Ukikatika, hakuna fundi.

Breki iliyogunduliwa Malmö

Ikiwa tunabeba kisu cha namna hii, mbona wengi wetu tunazeeka na mapafu yetu? Kwa sababu tuna breki.

Mwaka 1963, katika mji wa Malmö, Uswidi, Carl-Bertil Laurell alikuwa akipitia vipimo vya protini za damu. Katika kipimo hicho protini hutawanywa kwa umeme, zikajipanga mistari mistari. Kati ya sampuli kama 1,500 aliona tano zisizokuwa na mstari uliostahili kuwepo, ule wa kundi la alfa-1. Mtu mwingine angesema kipimo kimeharibika. Yeye alimshirikisha daktari kijana, Sten Eriksson, wakawatafuta wenye damu hiyo. Watatu kati ya watano walikuwa na emfisema, nao hawakuwa wazee.

Protini iliyokosekana inaitwa antitripsini ya alfa-1. Ini ndilo linaloitengeneza na kuimwaga kwenye damu, ikafika mapafuni, na kazi yake kubwa huko ni kuikamata elastase na kuizima. Inajitoa mhanga: ina sehemu inayofanana na chambo, elastase ikiing'ata inakwama, zote mbili zikaharibika. Ukiunganisha ugunduzi wa Malmö na ule wa Pittsburgh, mambo yanajipanga. Panya waliongezewa visu, Waswidi wale walipungukiwa breki, na wote wakaishia kwenye emfisema.

Ugonjwa wa kurithi wa kukosa breki hii unapatikana zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini, na ni nadra kwa Waafrika. Wenye aina yake kali hupata na shida ya ini, kwa sababu protini iliyokunjwa vibaya hukwama kule kule inakotengenezewa. Wengi wetu huku hatuna haja ya kuuogopa. Umuhimu wake kwetu ni kwamba umetuonyesha moshi wa sigara hufanya nini.

Ndani ya antitripsini, mahali pale pale pa chambo, kuna asidi amino iitwayo methionini. Kemikali za moshi wa sigara, pamoja na zile zinazotolewa na nyutrofili zilizochokozwa, huifanyia methionini hiyo kitu kama kutu. Baada ya hapo breki hupoteza karibu nguvu zake zote dhidi ya elastase. Mvutaji sigara wa Likoni au Kisauni amezaliwa na breki nzima kama watu wengine. Kila pafu la moshi analovuta linaita nyutrofili zaidi zenye visu, na wakati huo huo linazilegeza breki. Ndiyo sababu mimi hucheka kwa uchungu ninaposikia kijana akisema anavuta "mbili tatu tu".

Elastase haiko peke yake katika uharibifu huu. Kuna kimeng'enya kingine, MMP-12, kinachotoka kwa seli kubwa zinazoitwa makrofaji. Mwaka 1997 ilionekana kwamba panya wasiokuwa nacho hawakupata emfisema hata walipovutishwa moshi wa sigara kwa miezi. Mwaka 2003 panya wasiokuwa na elastase nao walionekana kukingika, ingawa si kikamilifu. Vimeng'enya hivi viwili hata hulindana, kila kimoja kikiharibu breki ya mwenzake.

Kwa nini moto hauzimiki

Nilipokuwa nikisoma habari hizi nilikuwa nikifikiri elastase ni seremala mbaya tu, anayekata asipotakiwa. Nikakuta kwamba pia ni mpiga mbiu.

Kwanza, elastase ikigusa ngozi ya ndani ya mirija ya hewa, ngozi hiyo hutoa interlukini-8, ambayo ndiyo harufu inayoita nyutrofili. Nyutrofili zinakuja, zinamwaga elastase, harufu inazidi.

Pili, vipande vya elastini iliyokatwa havilali kimya. Vyenyewe huwa harufu, vikaita seli nyingine za kinga, zile zinazogeuka kuwa makrofaji. Kolajeni nayo ikikatwa na vimeng'enya vingine hutoa kipande kidogo mno cha asidi amino tatu tu, kifupi chake PGP, kinachoita nyutrofili. Mwaka 2010 watafiti waliandika katika jarida la Science kwamba mwili una kimeng'enya cha kukifagia kipande hicho, na kwamba ni kimeng'enya kile kile kinachotengeneza lukotrini B4 niliyoitaja juu. Mkono mmoja unaita nyutrofili na mkono wa pili unaziambia rudini. Moshi wa sigara huulemaza ule mkono wa pili na kuuacha wa kwanza ukiendelea. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu kuhakikisha nimeelewa.

Tatu, elastase huchochea utoaji wa makohozi kwa wingi, na hupunguza mwendo wa vinyweleo vinavyoyasukuma makohozi hayo juu. Makohozi yakikaa, bakteria hustawi ndani yake. Bakteria wakistawi, nyutrofili huitwa. Elastase ikizidi hukata hata vipokezi vilivyo juu ya nyutrofili zenyewe, zikawa zimefika vitani na haziwezi kuua vizuri. Pia hukata alama zinazoziwezesha makrofaji kuokota mizoga ya seli. Mizoga hupasuka pale ilipo na kumwaga elastase zaidi.

Daktari Peter Cole wa London aliuita mwendo huu mzunguko mbaya, mwaka 1986, akieleza ugonjwa wa bronkiektasisi. Huo ndio ugonjwa wa ami yangu: mirija ya hewa imepanuka, kuta zake zimelegea, makohozi yanalala ndani kama maji ya mvua kwenye mtaro ulioziba. Kifua kikuu ni mojawapo ya visababishi vyake vikubwa katika nchi kama zetu. Bakteria wa kifua kikuu anaweza kuwa amekufa kabisa, lakini ameacha mahali pa makohozi kulala, na mzunguko unajiendesha wenyewe.

Sasa rangi ya kijani. Nyutrofili hubeba kimeng'enya kingine chenye madini ya chuma, mieloperoksidase, ambacho kwa maumbile yake ni cha kijani. Makohozi yakijaa nyutrofili, yanakuwa kijani. Rangi hiyo inakuambia askari wako wengi mahali hapo. Haikuambii adui ni nani, wala kama ni kifua kikuu, wala kama dawa ya antibiotiki unayotaka kununua dukani itafaa.

Hili linagusa maisha ya watu wetu moja kwa moja. Mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu akikohoa tena, ni kweli kinaweza kuwa kimerudi, na ni lazima apimwe. Lakini hata kipimo cha mashine ya GeneXpert kinaweza kunasa mabaki ya bakteria waliokufa kwa mtu aliyetibiwa karibuni, kwa hiyo daktari makini huongeza kipimo cha kuotesha makohozi maabara ili kuona kama kuna kilicho hai. Familia ina haki ya kuuliza: je, kimeoteshwa? Sisi hatukujua kuuliza.

Moshi wa jikoni

Sigara ina sheria yake. Kenya ilipitisha ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Moshi wa kuni hauna mwenye kuukataza, na sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya nyumba nchini zinapikia kuni. Mama zetu na dada zetu wasiowahi kushika sigara hupata ugonjwa sugu wa kuziba mapafu kutokana na jiko. Kwao ugonjwa huelekea kukaa zaidi kwenye mirija, kuta zake zikiwa nene na zenye makovu, kuliko kuvunja vifuko vya hewa kama kwa mvutaji sigara. Nyutrofili zimo vile vile. Na mtoto mgongoni mwa mama anayepika ndiye yule ambaye elastini yake ya maisha yote ingali inafumwa.

Kuihamishia meko nje, au kutoboa dirisha jikoni, si jambo la kisayansi la kuandikiwa makala. Lakini ukishajua kinachotokea ndani huwezi kuuona ule moshi kama zamani.

Je, kisu hiki hakiwezi kufungwa?

Wamejaribu kwa miaka sitini. Marekani ilianza mwaka 1987 kuruhusu wagonjwa wa kurithi wadungwe antitripsini iliyokusanywa kutoka damu ya watu waliojitolea. Inahitaji sindano ya mshipa kila wiki, nayo ni kwa hao wachache tu.

Dawa ya kuifunga elastase moja kwa moja, sivelestati, imekuwa ikitumika Japani tangu 2002 kwa mapafu yaliyojeruhiwa ghafla. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa mahututi katika nchi kadhaa, jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu vifo vya siku za baadaye vilionekana kuwa vingi upande wa waliopewa dawa. Matokeo yakatolewa 2004. Kumnyang'anya askari silaha katikati ya mapambano kuna gharama yake.

Njia iliyofaulu ilipitia mlango wa nyuma. Elastase haizaliwi ikiwa na makali. Kule kwenye uboho, nyutrofili ikiwa bado changa, kimeng'enya kingine kiitwacho DPP1 huinoa kwa kukata kipande kidogo cha mwanzo wake. Bila DPP1, nyutrofili hutoka ikiwa na visu butu. Tunajua kwamba binadamu anaweza kuishi hivyo, kwa sababu kuna watu wanaozaliwa hivyo. Ugonjwa wao ulielezwa mwaka 1924 na Wafaransa wawili, Papillon na Lefèvre: viganja na nyayo hukakamaa, meno hung'oka mapema kwa maradhi ya fizi. Wengi wao hata hivyo huishi bila kuandamwa na maambukizi makali, ingawa baadhi hupata majipu ya ini.

Dawa inayozuia DPP1, brensokatibu, ilijaribiwa kwa watu 1,721 wenye bronkiektasisi. Matokeo yalichapishwa Aprili 2025. Waliopewa kidonge bandia walizidiwa na ugonjwa mara 1.29 kwa mwaka kwa wastani. Waliopewa dawa, mara 1.02 kwa kipimo kidogo na 1.04 kwa kikubwa. Ni pungufu ya kama moja ya tano. Si muujiza, lakini ni dawa ya kwanza ya ugonjwa huu kuidhinishwa Marekani, Agosti 2025. Bei iliyotangazwa kule ni dola 88,000 kwa mwaka. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi milioni 11. Nilipomtajia ami alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, kwa pesa hizo naninunulie meli kabisa."

Kilichopo kwetu ni cha bei ya chini na kinahitaji subira. Cha kwanza ni kuyatoa makohozi kila siku, asubuhi na jioni, kwa namna ya kulala, kupumua na kuyasukuma anayoifundisha mtaalamu wa fiziotherapia. Makohozi yakitoka, elastase imetoka nayo. Kuacha sigara hakurudishi elastini iliyokatika, lakini kunaziachia breki zilizobaki zifanye kazi. Kuna chanjo za mafua na nimonia. Kwa wanaozidiwa mara kwa mara, daktari anaweza kuandika azithromisini ya muda mrefu, ambayo hupunguza mashambulizi na inaaminika kutuliza nyutrofili mbali na kuua bakteria. Hiyo haifai kujinunulia. Huweza kudhuru masikio na mapigo ya moyo, na kabla ya kuianza makohozi hupimwa kuhakikisha hakuna jamii nyingine ya bakteria wa kundi la kifua kikuu.

Na nisisahau vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni, vinavyouzwa mitaani kama njugu kwa kila mwenye kifua. Steroidi hufaa sana kwa pumu nyingi, kwa sababu uvimbe wa pumu nyingi unaletwa na seli za aina nyingine, eosinofili, na steroidi huziua. Nyutrofili hazitishiki nazo. Katika maabara zimeonekana hata kuishi muda mrefu zaidi zikipewa steroidi. Kwa hiyo watu wawili wanaokohoa kwenye baraza moja, mmoja atapona kwa kidonge kile na mwingine ataharibu sukari yake na mifupa yake bure.

Ami yangu ameacha sigara, jambo ambalo mke wake alishaliombea dua miaka arubaini. Kila baada ya alfajiri analala kifudifudi kitandani, mto chini ya tumbo, anakohoa kwenye kikombe chenye kifuniko. Majirani wamerudi barazani. Nilipommalizia kumsimulia habari za panya wa Pittsburgh alinitazama kwa wasiwasi, kwani papai ndilo tunda analolipenda. Nikamwambia papaini inayoliwa husagwa tumboni kama protini nyingine yoyote, haifiki mapafuni, na tena lililoiva lina kidogo sana. Akamwita mjukuu amletee kisu.